Nyuki Niliowachora Dar

Nilipoondoka Tabora kwenda Dar, majirani zetu wote pale Chemchem, katikati ya mji, walijua sababu. Shangazi alikuwa amekwisha kuwatangazia kwamba mchoraji hawezi kuishi kwa kuchora vibao vya saluni, lazima ahame. Nilimwamini, nikapanda treni. Nikapata kazi kwenye ofisi ya matangazo, ya majaribio kwanza, nikajiona nimefika. Nilithubutu hata kuwaonea huruma wachoraji wenzangu niliowaacha nyumbani.

Siku moja akaja mama wa makamo kutoka Usinge, porini huko huko mkoani Tabora, ametumwa na kikundi chake cha wafuga nyuki. Walitaka lebo ya chupa za asali. Bosi akanikabidhi kazi hiyo na kuniahidi kwamba mteja akiridhika, mkataba wa kudumu ni wangu. Nilichora siku mbili: ua la njano, nyuki anayetabasamu, na mzinga wa mviringo uliokaa juu ya majani mabichi.

Mama aliutazama mchoro, akaurudisha mezani, akauchukua tena.

"Mwanangu, huu mzinga mbona uko chini?"

"Ni mtindo tu, mama."

"Mtindo! Nyegere akipita hapo si sherehe? Sisi tunatundika juu ya mti. Kwani wewe mtu wa wapi?"

Nilitamani kudanganya. "Tabora."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Tabora gani hiyo?"

"Chemchem."

"Ahaa! Basi asali unaijua ya kwenye chupa."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nimelamba asali tangu sijaota meno, lakini mzinga sikuwahi kuuona. Nilimkasirikia yeye, kisha nikajikasirikia mwenyewe, nami nikikasirika sikai. Nikaomba ruhusa ya wiki moja, nikapanda naye treni. Tulipita Tabora mjini na sikushuka hata kumwamkia shangazi.

Huko Usinge nilichora mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, moshi, na mikono ya wavunaji. Nyuki waliniuma mara tatu, jicho moja likavimba likafumba kabisa. Mama yule alinicheka bila huruma, kisha akanipaka dawa. Lebo ilipokamilika, kikundi cha jirani kikataka ya kwake, na cha tatu kikaleta mtu kuniita. Shangazi alikuwa sahihi kwamba nihame. Alikosea upande tu.

Ruhusa ilipokaribia kwisha nilimtumia bosi picha ya lebo. Akapiga simu papo hapo, akasema mkataba uko mezani, nirudi nikasaini. Nilimshukuru kwa moyo, nikamwambia nimepata kazi kwingine.

"Arusha?"

"Usinge."

Akaniuliza kama huko kuna mtandao. Nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu, mahali pekee pale porini ambapo simu ilishika, na jicho langu lilikuwa bado halijafumbuka vizuri. Nikamwambia upo, na wa kunitosha.