Maka na Moshi wa Maziwa

Mdogo wangu Maka aliungua mwaka wa sitini na tano, na watu wa Garissa bado wananiuliza ilikuwaje, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa ndani ya nyumba. Alikuwa kwa mumewe, Bulle, karibu na Tarbaj. Risasi zililia alasiri, nyumba za mikeka zikashika moto. Nani aliwasha? Waasi waliokuwa msituni walisema askari, askari walisema shifta, yaani hao waasi. Bulle alikufa. Maka alimfunika binti yao Kaltun kwa mwili wake akatoka naye. Mtoto hakuungua hata unywele. Mama aliungua mgongo, shingo na mikono yote miwili.

Hospitalini alikaa miezi saba. Ngozi ikafunga. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilishikana, akavitumia hivyo hivyo. Wakasema amepona, nikamchukua kwangu. Amepona! Mtu akiwasha kiberiti uani, Maka ameshafika barabarani. Siku ya Idd jirani alichoma nyama, naye akatapika mpaka akazimia. Alikula chakula kilichopoa, akalala nje hata mvua ikinyesha, hataki paa juu yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hilo nalijua, lakini huyu aliona ung'ongo kila mahali.

Ushauri haukukosekana. Shekhe alimsomea, nikashukuru. Wengine wakasema dawa ya moto ni moto, mkalishe jikoni kwa nguvu. Nikawaambia watangulie wao, wakalie mafiga tuone. Mimi nina mdomo, sikatai.

Sasa, kwetu mwanamke ni maziwa. Maziwa ya ngamia hukaa ndani ya dhiil, chombo kilichosukwa kwa mizizi, na dhiil haioshwi kwa maji peke yake. Unatia ndani vijinga vya moto, unafunika, unatikisa, moshi unaingia mpaka kwenye nyuzi, kisha unasugua makaa yatoke. Bila hivyo maziwa yanaharibika kabla ya adhuhuri, na mgeni akiyaonja anajua amefika nyumba isiyo na mwanamke. Maka hakuweza. Basi nikawa namfukizia mimi, kila asubuhi akienda mtoni kuteka maji. Sikumwambia mtu. Niliona ni huruma.

Ndipo ikaja habari kwamba Sharifo, mama yake marehemu Bulle, anakuja kumchukua Kaltun. Mtoto ni wa ukoo wa baba, na Sharifo alikuwa amesikia kwamba mama mtu hawezi kukaribia jiko. Atamlisha nini? Wallahi, hata mimi ningeuliza.

"Abaayo," Maka aliniambia, yaani dada, "wakimchukua Kaltun, bora ningebaki mle ndani."

Nikamfokea, nikamwambia astaghfirullah, asirudie maneno hayo. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Siku hiyohiyo nikapanga uongo.

Sharifo alifika kwa lori, vumbi mpaka kwenye kope. Tulimsalimu, tukamkalisha, nikamletea dhiil imejaa. "Karibu, eedo," nikasema, kama tunavyomwita shangazi. "Maka ndiye aliyefukiza."

Akafungua kifuniko. Akanusa. Hakunywa.

"Rukiyo, huu moshi ni wako."

Lo! Jambo ambalo kila msichana anafundishwa, mimi nililisahau kwa ujanja wangu. Kila nyumba ina mti wake wa kufukizia. Mimi hutumia mgunga wa huku mtoni. Maka alipoolewa alifundishwa na Sharifo mti wa kwao, wa nyika ya Tarbaj, ambao huacha utamu kidogo ulimini. Yule mama angepotezaje harufu aliyoifundisha mwenyewe? Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. Kisha akamgeukia Maka. "Mwanangu, na mimi mtoto wangu aliungulia mle. Hata mimi tangu siku ile moshi siupendi."

Maka akamtazama. Mwaka mzima tulikuwa tumemwambia asahau, amshukuru Mungu, ajikaze. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Hata mimi naogopa."

Sharifo akatoa vijiti vya Tarbaj kwenye mzigo wake. "Sikuja kukuaibisha. Ila mjukuu simwachi penye uongo. Fukiza."

Kijinga cha kwanza Maka alikidondosha akakimbilia uani. Nikanyanyuka nimsaidie. Sharifo akanivuta nguo. "Kaa chini. Wewe ndiye unayemlemaza." Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu ni kweli.

Maka alirudi mwenyewe. Sharifo akaketi karibu naye, bega kwa bega, akawa anasema polepole: "Moto uko kwenye kijiti, haupiti hapo. Mlango uko wazi. Kaltun yuko nje, anacheza." Akarudia. Akarudia tena. Meno ya Maka yaligongana, jasho likamtiririka. Akatia kijinga ndani, akafunika, akatikisa. Moshi ulipompiga usoni alipiga ukelele mpaka majirani wakaja, lakini mikono haikuachia dhiil. Mikono ileile.

Tulipotia maziwa, Sharifo alionja, akakunja uso. "Umeunguza. Machungu kweli." Akayanywa yote. Maka akacheka na kulia kwa pamoja.

Msidhani alipona hapo. Ziko asubuhi ambazo alichukua muda wa saa tatu kufukiza chombo kimoja, na kiberiti kinamshtua mpaka leo. Lakini mimi sijamfukizia tena.

Kesho yake tulimsindikiza Sharifo kwenye lori. Zama zile huwezi kutoka Garissa bila karatasi ya serikali. Askari aliisoma ya Sharifo, akahesabu, akauliza mbona imeandikwa watu wawili na anamwona mmoja. Maka alikuwa amemshika Kaltun mkono.

"Wa pili ana mama yake," Sharifo akamwambia, akapanda lori.