Raundi ya Pili

Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga pale Kibera, jambo zito halikuamuliwa kwa kelele. Tulikuwa na kikao, na kikao kilikuwa na raundi mbili. Ya kwanza, kila mtu alitoa sababu moja ya kukataa, hata kama moyoni alikubali. Ya pili, kila mtu alitoa sababu moja ya kukubali, hata kama moyoni alikataa. Hakuna kumjibu mwenzako. Baada ya hapo ndipo mikono iliinuliwa. Aliyekuwa akijadiliwa alikaa nje, ili watu waseme bila kumwonea haya.

Utaratibu huo niliuleta mimi. Siku moja tulikuwa tumemfukuza jirani kwa ajili ya sufuria iliyopotea, na sufuria ikapatikana chini ya kitanda cha mwenye sufuria. Yule jirani hakurudi. Haraka haraka haina baraka, nikawaambia, na kwa kuwa nina mdomo, walinisikiliza. Nilijivunia sana raundi zangu.

Kisha uchaguzi ukaharibika, watu wakageukiana. Siasa ilipogeuka mwanzoni mwa mwaka, ikasemekana sisi watu wa Machakos tumehamia upande wa serikali. Mimi sikuwa nimehamia popote. Nilikuwa chumbani kwangu nikichemsha sukuma wiki, meza yangu ya mitumba imeshaungua pamoja na Soko la Toi. Majirani zangu wengi walitoka upande wa ziwa, kwa wale waliosema kura zao zimeibwa, na vijana wa nje walianza kupita wakiwauliza ni nani anaishi kwenu. Ikabidi wakae waamue: nibaki au niondoke?

Alasiri hiyo nilikaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwenye mabati ya chumba cha kikao. Kila neno lilipenya. Mmoja alisema unga umekwisha madukani na mdomo mmoja zaidi ni mzigo. Mwingine akasema vijana wananijua kwa sura. Ikafika zamu ya jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Huyu tulipikia jiko moja miaka mingi, na mtoto wake wa mwisho nilimpokea mimi kwa mikono yangu, mkunga alipochelewa.

"Huyu ni mtu wangu," alisema. "Lakini wakikuja, mlango ya kwanza watapiga ni yangu. Wataniuliza nilimficha aje. Na mimi niko na watoto."

Damu ilinichemka. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, ingawa nilijua vizuri kwamba anafuata sheria yangu mwenyewe. Nilibana mikono katikati ya magoti nikangoja. Zamu yake ya pili ingekuja. Nilitaka kumsikia yeye tu, wengine waseme watakalo.

Nikasikia mtu akisema, "Haya basi, raundi ya pili."

Hapo hapo mayowe yakapasuka upande wa reli. Watu wakaja mbio, macho yakaanza kuwasha kwa moshi wa polisi, na kikao kikavunjika, kila mama akimtafuta mtoto wake. Jirani yangu alinipita mlangoni. "Ingia ndani ujifungie," akasema, akakimbia.

Kikao hakikurudiwa. Hakuna aliyeniambia niondoke, wala hakuna aliyeniambia nibaki. Ila zile sababu zilizokwisha kusemwa zilikuwa za kunikataa tu, na zilibaki pale uani pamoja nasi. Asubuhi nilifunga nguo zangu kwenye shuka nikaenda kwa binamu yangu Kawangware. Jirani alikuwa akiosha vyombo. Akauliza, "Unaenda?" Nikamjibu, "Naenda." Akaendelea kuosha.

Kule Kawangware sauti yake ilinifuata. Mvua ikipiga mabati, naisikia. Nikiwa kanisani, mchungaji anahubiri, naisikia: mlango ya kwanza ni yangu. Ingekuwa sauti ya mtu mbaya ningeitukana, nikalala. Niliumia kwa sababu alisema kweli.

Amani iliporudi na soko likajengwa upya, nikapata tena meza Toi. Siku moja alikuja akasimama mbele yangu, akachagua blauzi, akairudisha.

"Jirani, mbona ulienda?" akauliza. "Hatukuwa tumemaliza."

"Nilikusikia."

"Ulisikia ya kwanza. Ni wewe ulitufundisha kuna ya pili."

"Basi niambie sasa. Ungesema nini?"

Aliichukua tena ile blauzi, akaikunja, akaikunjua. Wateja walitupita wakisukumana, naye akiinamia nguo ileile.

"Hiyo sababu nilikuwa bado naitafuta," akasema.

Nilimfungia ile blauzi akaenda nayo. Sikumkasirikia. Nilishikwa na hofu, na bado ninayo, kwa maana mara nyingi nimejiweka mimi ndani ya kile chumba na yeye nje juu ya ndoo, na kila zamu yangu ya pili inapofika, nami sina la kusema.