Bolti za Afande Aber

Gari la Afande Aber lilisikika mtaa mzima wa Wanale, pale Mbale, kabla halijaonekana. Ekzosi yake ilikuwa imetoboka miaka mitatu, na mwenyewe wala hakujali. Mwanamke aliyeamrisha wafungwa miaka thelathini ababaishwe na bomba la moshi? Thubutu! Watoto wakisikia ngurumo waliokota mpira wao barabarani, na kuku walipisha njia bila kuambiwa.

Mambo yalibadilika jirani yake, Mama Shamirah, alipomwomba ambebe binti yake siku ya arusi. Tangu astaafu, hakuna mtu aliyewahi kumwomba Aber kitu chochote. Alikubali upesi mno, kisha akajifanya anatazama kuku ili macho yake yasionekane.

"Lakini afande," Mama Shamirah akasema kwa upole, "gari yako itameza kaswida yetu yote. Kama Jumamosi haijanyamaza, Shamirah atapanda ya mjomba wake Jamil."

Aber akalipeleka mbio kwa fundi wake Mafabi, kule eneo la viwanda. Mafabi akafunga ekzosi mpya, kisha akamwonyesha bolti mbili za kuungia, kila moja na springi yake.

"Hizi hazikazwi sana, afande. Springi inaacha bomba icheze kidogo na injini."

Aber akaona anafanyiwa mzaha. Kitu kiachwe kulegea makusudi? Akazitupa zote mtaroni, akaagiza bolti za kawaida. Mafabi akasitasita.

"Kaza!"

Sauti ile ilikuwa ya gereza kabisa. Mafabi akakaza.

Gari likanyamaza siku mbili. Alhamisi bolti moja ikakatika njiani, ngurumo zikarudi palepale. Mafabi alikwenda kuzitafuta za kwanza mtaroni, lakini mvua ilishazichukua, na Mbale hakukuwa na nyingine. Basi Ijumaa asubuhi Aber akanguruma mpaka Jinja, kwa Manjit, mzee wa Kisingasinga ambaye duka lake lilikuwa bolti tupu, sakafu hadi dari.

"Ya zamani iko wapi?" Manjit akauliza.

"Nimesema ni ya Corolla."

"Corolla iko nyingi, afande. Mimi hapana uza bolti kwa maneno. Leta ya zamani."

Aber alitaka kufoka, akakumbuka Jamil. Akajilaza chali chini ya gari, na shati lake lililopigwa pasi, akafungua ile bolti iliyobaki. Manjit akapitisha ukucha kwenye uzi wake wa kukazia, akajaribu nati, akacheka.

"Nani alikaza hii?"

Aber akakohoa. "Fundi," akasema, halafu roho ikamsuta. "Hapana. Niliamuru mimi."

Manjit hakumcheka tena. Akachagua bolti mbili zenye uzi uleule, lakini zenye shingo nene na springi juu yake. "Shingo ikigusa, simama. Hapo ndiyo mwisho."

Aber akazifunga mwenyewe, palepale mbele ya duka. Shingo ilipogusa, mkono wake ulitamani mzunguko mmoja zaidi. Akauondoa kwenye spana kwa shida.

Jumamosi akaegesha nje ya uzio wa Mama Shamirah, gari kimya, na maua mbele. Akasubiri kuitwa. Dakika ishirini zikapita, hakuna aliyetoka. Wamebadilisha mawazo, akajiambia. Alikuwa amekwisha shika ufunguo aondoke aliposikia vilio uani.

"Twende na Jamil, mwanangu! Saa imepita!"

"Siendi! Afande anakuja. Hatujamsikia bado, ndiyo maana!"

Aber akasukuma geti. Ua mzima ukageuka kumtazama.

"Afande!" Mama Shamirah akapiga kelele. "Tumetega masikio tangu asubuhi!"

Miaka yote ile Aber aliamini watu wanamsikia kwa sababu hawana budi. Hakujua kwamba wapo wanaosikiliza.

Akambeba Shamirah mpaka ukumbini kwa mwendo wa pole, mkono kwenye honi njia nzima, na kaswida haikusikika hata kidogo.