Kinachoingia Mdomoni mwa Shafii

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya mkate. Rehema mdogo wangu, nakuandikia humu kwenye daftari kwa kuwa kusema na mtu uso kwa uso mie huwa nashindwa, na Jumatatu naenda bweni. Shafii nakuachia wewe.

Wakati ule ulikuwa kwa shangazi Kigamboni, hukuona. Mdogo wetu Shafii ana usonji, unajua, na kwa miezi mingi alikula mkate mweupe uliokatwa kingo, biskuti na chai ya rangi. Basi. Wali ukisogea karibu na sahani yake, anatapika. Sisi tukasema anadeka, ataacha.

Asubuhi hiyo kipande alichong'ata kilikuwa na damu. Nikadhani kajing'ata ulimi. Nikamvuta mkono, "Simama bwana, tunachelewa shule!" Akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Miguu ilimuuma hata shuka ikimgusa.

Mama alikuwa kazini, nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Daktari akauliza, "Nyumbani anakula nini?" Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi wamekaa majirani zetu wawili. Niliogopa wasije wakasema mama anatulaza na chai kavu. Nikajibu, "Wali, maharage, mchicha. Kila kitu." Tukapewa dawa ya maumivu, tukarudi.

Wiki mbili, Rehema. Wiki mbili alilala kakunja magoti kama chura, ufizi umevimba, rangi ya zambarau. Mama akaanza kunong'ona dua pembeni ya kitanda, nikajua anaogopa kilekile ninachokiogopa mie.

Tulipompeleka hospitali kubwa, nesi mmoja mtu mzima alimfunua mdomo, akanigeukia.

"Huyu anakula nini?"

"Wali, maha..."

"Binti, sikuulizi mnapika nini. Nakuuliza kinachoingia mdomoni mwake."

Nikalia. Nikataja mkate, biskuti, chai.

"Mbona hukusema mapema?"

"Niliona aibu."

"Aibu yako nusura immalize mtoto. Haya, futa machozi. Sasa tunajua pa kuanzia."

Mwili ulikosa vitamini iliyomo kwenye matunda na mboga, damu ikawa inavuja kwenye ufizi na ndani ya miguu. Alipopewa dawa, taratibu akasimama.

Sasa nisikilize. Usimshindishe njaa eti atajifunza. Hatajifunza, atadhoofika tu. Usimfichie kitu ndani ya mkate, akigundua ataukataa na mkate wenyewe. Chungwa liweke pembeni, akilisukuma, kesho liweke tena, bila kelele. Matone yake ya vitamini mpe kama daktari alivyoandika. Mwangalie ufizi akipiga mswaki, mwangalie anavyotembea. Ukiona tofauti, usingoje. Na ukiulizwa anakula nini, sema kweli, hata majirani wawe wamejaa benchi zima.

Mungu akupe mdomo wa kumsemea, ule nilioukosa mie. Akulinde, amlinde na yeye, ili nikirudi likizo anikimbilie mlangoni kwa miguu yake mwenyewe.