Karatasi ya Jumatano

Walimwita Bwana Saini, na hakuchukia. Wengine hubandikwa majina kwa sababu ya upara wao au miguu yao. Yeye alibandikwa la kitu alichokipenda kuliko kazi yenyewe. Kazi yake ilikuwa ushauri nasaha. Wenye huzuni walimwendea, wakakaa, wakalia, wakapangusa pua, na wakijaliwa wakaondoka wepesi kidogo. Ila kwake, kabla hujalia, ulitia saini. Kulikuwa na fomu ya kukubali kuhudumiwa, fomu ya kukubali kwamba umekubali, fomu ya kwamba umeelezwa siri zako zitatunzwa, na fomu ya kwamba umeelezwa ni lini hazitatunzwa. Mjane mmoja aliingia machozi yakimlengalenga, akafika fomu ya nne yameshakauka, akauliza kama anaweza kwenda zake nyumbani. Bwana Saini akaandika: mteja ameondoka akiwa ametulia.

Hakuzaliwa hivyo. Alipoanza kazi alikuwa kijana mwenye masikio, msikilizaji hasa, chai ikimpoea mezani bila yeye kuigusa. Kisha mwenzake wa chumba cha pili akashtakiwa. Mteja wake alikuwa amejidhuru, ndugu wakaenda mahakamani, na hakimu akataka kumbukumbu za mazungumzo. Mwenzake akatoa daftari lenye kurasa mbili zilizoandikwa, na ya tatu ina mchoro wa paka. Alikuwa mshauri bora kuliko wote pale, kila mtu alijua, lakini kujua kwa watu si ushahidi. Akanyang'anywa leseni, na leo anakata vioo vya madirisha.

Bwana Saini alikuwepo siku ile, kwenye benchi la nyuma. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, alijiambia, na tangu siku hiyo akawa kunguru wa kudumu. Hata nyumbani. Mama mkwe wake alipokuja kuwatembelea na kulalamika kwamba hapati usingizi, alimjibu kwa adabu zote: "Mama, hapo siwezi kukushauri, wewe ni jamaa yangu," akamwandikia namba ya simu ya mshauri mwingine. Mama wa watu alikuwa anataka mto wa pili tu. Mkewe aliwaambia wifi zake, "Kaka yenu huyu, nikimwambia nampenda, ananiuliza nimemwambia saa ngapi."

Sheria yake kuu ilikuwa kwamba kumbukumbu ya mteja iandikwe siku ileile. Sheria nzuri, haina kasoro. Tatizo ni kwamba wateja walikuwa wanane kwa siku, na fomu zilikuwa zimeshamlia nusu saa ya kila mmoja. Jioni ilimkuta na karatasi nyeupe nane, na karatasi nyeupe kwake ilikuwa kama nyoka kitandani. Basi akapata dawa. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikaa kwenye meza ya kulia akaandika kumbukumbu za wiki inayokuja. Wateja wenyewe aliwajua, na wiki hadi wiki hawabadiliki sana. Asiyefika, karatasi yake aliichomoa Ijumaa akaichana. Ndivyo alivyokuwa mtu pekee nchini aliyejua Jumapili wenye huzuni watakuwa na hali gani Alhamisi.

Mafaili yake yakasifika. Mkaguzi aliyapitia akakaribia kulia. Watu wa bima, ile ya kuwalinda washauri wakishtakiwa, wakamtaka afundishe wenzake, na Jumatano moja akapewa ukumbi, kipaza sauti na washauri arobaini wenye vitambulisho shingoni. Aliwafundisha siku nzima namna mshauri anavyojilinda. "Kisichoandikwa hakikutokea," aliwaambia, nao wakaandika. Aliwaambia pia wasikimbilie kuomba radhi, kwa kuwa hata pole mahakamani huhesabiwa. Wakaandika na hilo.

Kesho yake, Alhamisi saa tatu asubuhi, mwanamke aliingia ofisini bila kubisha hodi, kanga imemlegea, viatu vimejaa tope. Alikuwa dada mkubwa wa mteja wake mmoja. Mteja mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpole aliyeshona sare za shule na aliyekuwa akija kila Jumatano saa nne.

"Mdogo wangu haonekani," alisema. "Ametoka juzi jioni, simu ameiacha juu ya cherehani. Kuna mtu alimwona anaelekea mtoni, kule kwenye tanuri la matofali. Kaka yetu na majirani wako huko tangu alfajiri, wanapekua matete. Nimekuja kukuuliza, baba, nisaidie. Jana siku yake ya kuja kwako. Alikuja?"

Mshauri mwingine angejibu ndiyo au hapana. Bwana Saini alimwomba kwanza aketi, akafungua kabati, akatoa faili, akatafuta fomu namba sita, ya ndugu anayeruhusiwa kuambiwa mambo wakati wa dharura. Jina la dada lilikuwepo, na saini. Akaigeuza amwonyeshe. Ni kweli alikuwa anajivunia fomu ile, hata wakati huo. Kisha akachomoa karatasi ya juu kabisa, yenye tarehe ya jana, akaanza kusoma.

"Mteja amefika kwa wakati. Ni nadhifu. Anamtazama mtu usoni anapozungumza. Analala vizuri. Ameulizwa kuhusu mawazo ya kujidhuru, amekana. Amecheka kidogo..."

Hapo ndipo alipokumbuka. Jana saa nne alikuwa ukumbini. Chumba hiki kilikuwa kimefungwa, kiti hiki kilikuwa kitupu, na aliyecheka kidogo alichekea kwenye meza ya kulia, Jumapili, kati ya bakuli la matunda na miwani ya mkewe. Angeweza kukoma. Lakini macho ya yule dada yalikuwa yamemganda usoni, na mdomo uliozoea kusoma ukasoma mpaka mwisho. "Atarudi Jumatano ijayo."

Dada alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni. Alilia kwa sauti, akamshukuru Mungu, akamshukuru na yeye. Kisha akapiga simu papo hapo. "Kaka! Tokeni huko mtoni! Jana saa nne alikuwa hapa kwa mshauri, mzima, anacheka! Huyo mtu wenu alimfananisha. Njooni stendi, atakuwa amepanda gari kwenda kwa shangazi." Akainuka, akaushika mkono wa Bwana Saini kwa mikono yake miwili, akatoka mbio.

Na Bwana Saini? Alifunga mlango akampigia mwanasheria wa bima.

"Amekuuliza kama karatasi iliandikwa mapema?" mwanasheria alitaka kujua.

"Hapana."

"Basi hujaulizwa, na asiyeulizwa hajibu. Usiguse faili. Usichane kitu. Usiwafuate. Na tafadhali, ndugu yangu, usitoe pole."

"Lakini wametoka mtoni."

"Hilo ni lao. Wewe hukuwaambia watoke, ulisoma kumbukumbu tu. Ukikiri kitu bila idhini yetu, bima haikujui."

Lilikuwa somo lake mwenyewe, neno kwa neno, anarudishiwa. Alipokata simu alimkuta mama wa mapokezi amesimama mlangoni. Mama huyu alikuwa na miaka mingi pale kuliko yeye, na kwa kawaida hakumwingilia.

"Bosi, jana hukuwepo," alisema. "Mimi ndiye nilikuwepo. Yule fundi hakuja. Nilimngoja mpaka saa sita nimpangie siku nyingine, nikasema labda ana wageni."

"Nimesikia, mama."

"Nasema tu. Mtoni hakuna mtu sasa hivi."

Nisimpake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Bwana Saini hakuinuka. Alikaa dakika kumi nzima akihesabu leseni yake, nyumba yake, jina lake, ule ukumbi wa jana na makofi yake. Dakika kumi za mtu aliyelipwa maisha yake yote kujali watu. Nikizikumbuka nashikwa na hasira, na sitaki kuzifupisha. Ya kumi na moja ndipo alipotoka, hata koti hakuchukua, na watu wa mtaani wakashangaa kumwona anakimbia, maana alikuwa mtu wa kutembea.

Alimkuta dada stendi, anawaonyesha madereva picha kwenye simu.

"Dada, hakuja," alimwambia, akihema. "Mdogo wako jana hakuja kwangu. Karatasi ile niliiandika Jumapili. Jana sikuwepo ofisini. Nimekudanganya. Nisamehe."

Aliyasema yote, na pole ndani yake. Alitegemea kofi. Dada hakumpiga. Alimtazama kama anayejaribu kumkumbuka.

"Nilivyokaa chini pale, nikimshukuru Mungu," alisema, "ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

Dada akampa mgongo, akapiga simu. "Kaka, rudini mtoni."

Walimpata alasiri, kwenye mteremko chini ya tanuri la matofali, ndani ya matete, hai. Mguu ulikuwa umevunjika na sauti imekauka, hakuweza hata kuita. Jirani mmoja alionyesha kwa kidole mahali alipokuwa amefika asubuhi wakati simu ilipoita na wote wakarudi nyuma. Ilikuwa hatua kama arobaini. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alizisikia sauti zao zikija, kisha akazisikia zikienda.

Barua ya bima haikuchelewa. Ilisema mteja wao amevunja masharti kwa kukiri bila idhini. Kuhusu kuandika Jumapili haikusema kitu. Baraza la taaluma likamsimamisha kazi. Halafu zikaanza simu za wale washauri wa ukumbini, mmoja baada ya mwingine, wote kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemuuliza kwa nini aliandika mapema. "Kwa nini ulisema?" walimuuliza. "Sasa watatukagua sote!" Mmoja alikata simu haraka kwa sababu, alisema, ni Jumapili na ana kazi.

Siku ya tisa tangu fundi apatikane, Bwana Saini alikwenda hospitali mikono mitupu. Dada alikuwa pembeni ya kitanda, akakaza uso, lakini hakumfukuza. Mguu wa fundi ulikuwa umefungwa mpaka juu ya goti.

"Dada ameniambia ulivyoniandika," fundi alisema. "Nalala vizuri. Ni nadhifu."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi baadaye. Huyo wako wa karatasini ameshapona, mwache aende zake. Niulize mimi."

Akavuta kiti. Mikono yake haikujua ikae wapi. Swali lile alikuwa ameliandikia jibu mara elfu, na ni miaka sasa hajasubiri kujibiwa. Akalitafutia maneno ya kawaida, ya mtu na mtu.

"Ulitaka kufa?"

Safari hii akalisubiri jibu, hakumsaidia.

"Nilitaka," fundi alisema. "Na leo asubuhi pia."

Dada akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.