Mahali pa Kumtundikia Baba Serumu

Baba alikuwa fundi wa magari mtaa wa Buyenzi kwa zaidi ya miaka arobaini. Alipokwisha kustaafu, siku moja alipita gereji kuwasalimu wenzake, akawasaidia kushusha giaboksi, ikamwangukia mguuni. Kidonda kilifunga kwa juu tu. Ndani usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa. Daktari akasema vidonge havitoshi. Dawa itapitishwa kwenye mshipa, asubuhi na jioni, wiki sita.

Wiki ya kwanza alilazwa hospitali. Kisha daktari akatuita kando ya kitanda chake, mimi na dada yangu mkubwa.

"Anaweza kubaki hapa, ao aende kila siku kwenye kituo cha afya cha karibu, ao muuguzi amufuate nyumbani. Lakini kwa nyumba, lazima mutu akae naye mupaka chupa iishe. Hii dawa ikienda mbio ni hatari."

Dada alitaka abaki. Baba alikuwa ameugeukia ukuta. Wagonjwa wawili wa chumba kile walikuwa wamefariki wiki ile, mmoja katikati ya mazungumzo naye.

"Mi nataka kwangu," alisema. "Nisikie adhana ya musikiti wetu."

Mimi ni mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa. Nikasema nitakaa naye.

Siku tisa zilikwenda vizuri. Muuguzi, mama mmoja mpole, aliteremka kutoka mtaa wa Gihosha, akatundika chupa ya serumu kwenye msumari wa dirishani, akakaa kuhesabu matone. Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Mvua ilimchelewesha, na chupa haijafika nusu akapigiwa simu: mtoto wake ameanguka, anatoka damu.

"Utamuchunga muzee?" aliniuliza.

"Nenda, mama. Niko hapa."

Nilikuwa hapo kweli, mpaka niliposikia harufu ya maharage yanaungua. Nikaenda jikoni kuyaepua. Sikukawia. Niliporudi, baba alikuwa anajikuna shingo, na shingo ilikuwa imeiva wekundu. Dawa haikuwa inadondoka tena, ilikuwa inatiririka. Alikuwa amekifungua mwenyewe kigurudumu cha kwenye mpira wa serumu, kile kinachopunguza mwendo wa dawa. Mtu aliyefungua vali maisha yake yote, nani angemfundisha?

"Baba, umefanya nini?"

"Ijumaa itanipita, mwanangu," alisema, na macho yakapinduka.

Nikafunga mpira, nikatoka nje kupiga kelele. Mafundi wa gereji ya jirani walimbeba pamoja na godoro, wakamwingiza kwenye gari la mteja. Njia nzima nilimshika mkono uliokuwa na sindano, nikisoma kila dua niliyoijua, nikizichanganya.

Alasiri, hospitalini, alikuwa ameketi, ngozi imerudi rangi yake. Dada alifika, akamsalimu baba, hakunisalimu mimi. Daktari alipoingia nilimwambia kosa ni langu. Kabla hajajibu, baba akainua mkono.

"Apana, dokta. Kwa nyumba yangu mi ndiye mukubwa, hakuna mutu wa kunikataza. Munipeleke mahali kuna wa kunikataza."

Basi tukachagua kituo cha afya cha nyuma ya soko. Kilikuwa na chumba chenye viti vinne, na muuguzi mmoja aliyekaa mlangoni asiyetoka mpaka chupa zote ziishe. Baba alikwenda kwa mkongojo, asubuhi na jioni, hadi wiki zilizobaki zikaisha. Kila Ijumaa alimwomba yule muuguzi aanze naye mapema asikose sala, naye alikubali. Mguu ulipona. Anachechemea, na anasali akiwa amekaa kitini.

Dada alikaa mwezi mzima akiniongelesha maneno ya lazima tu. Kisha siku moja, tukikunja nguo za baba uani, akaniambia bila kuniangalia:

"Aliniomba mi kwanza, kule hospitali. Aliniambia, nitoe hapa, nitakufa. Mi nikatoka chumbani, sikumujibu."

Nilishika ncha ya shuka, yeye akashika nyingine, tukaikunja.