Injinia Aliyerudi Kuwasha Mtambo

Kabla hujaniuliza, nakujibu: sikuwa nimelewa. Najua kilikuwa kiwanda cha mvinyo, na najua watu wanavyocheka nikifika hapo. Mimi nimeokoka tangu usichana wangu, mvinyo naujua kwa harufu tu. Haya niliyaona kwa macho haya, mchana, jua la Dodoma likiwaka. Anayetaka kuamini aamini. Asiyetaka, Sechelela yupo Mkonze mpaka leo, amwombe amwonyeshe mguu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Vitu vya nje vilikuwa vinaingia kila siku, na viwanda vya ushirika vinapata wamiliki wapya. Kiwanda chetu kidogo, upande wa Hombolo, kilinunuliwa na mfanyabiashara mmoja ambaye sisi tulimwita Bosi, basi. Akaleta mtambo mpya wa kukamua zabibu: karai la chuma, refu kama mtumbwi, na ndani yake parafujo nene kuliko paja la mtu, inayozunguka na kusukuma zabibu mbele. Mimi ndiye niliyekuwa mwendeshaji.

Ila huo mtambo haukungoja mkono wangu. Ulikuwa na sanduku la kuuongoza, lenye taa na kispika kidogo, tukaliita kichwa. Na kichwa kilifungwa waya wa simu. Ndiyo, simu! Injinia Semkiwa, kijana mpole wa Tanga aliyekuja kuufunga, alinieleza kwamba akiwa Dar es Salaam atapiga namba, kichwa kitapokea chenyewe, na yeye ataweza kuurekebisha mtambo, kuuzima, hata kuuwasha, bila kupanda basi.

"Na mtu mwingine akipiga?" nikamuuliza.

Akacheka. "Nani anaijua namba, dada?"

Bosi naye akacheka. Mimi sikupenda.

Simu ikiingia, kichwa kilikuwa kinalia kama jogoo mwenye kikohozi, halafu mtambo unaguna. Tukazoea. Kisha, kabla ya mavuno, Semkiwa akafariki. Gari lilipinduka. Sikusimuliwa: nilikwenda mpaka kwao Muheza, nikamlilia, nikatupa udongo wangu kaburini kama wengine. Kumbuka hilo, maana wapo wanaoniambia labda hakufa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi alasiri, wenzetu wameshaondoka. Tumebaki mimi na Sechelela, aliyekuwa na zamu ya kuosha. Nikabonyeza kitufe chekundu cha kichwa, mtambo ukasimama, naye akaingia ndani ya karai, kanga kiunoni, brashi mkononi, akiimba wimbo wa kwaya. Swichi kuu ya ukutani hatukuivuta. Bosi alikuwa amekataza. Umeme ukikatwa kichwa kilisahau kila kitu, na kukipanga upya ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Kitufe kinatosha, alisema.

Nikatoka nje kumwaga maji. Kurudi, namkuta mwanamume amesimama mbele ya kichwa, amenipa mgongo. Shati jeupe limepigwa pasi. Nikadhani ni mgeni wa Bosi.

"Karibu, baba. Shikamoo."

Akageuka. Alikuwa Semkiwa.

Utasema ungekimbia. Mimi sikukimbia. Nikamtazama tu, akanitazama, uso uleule wa upole.

"Habari za hapa, dada? Mbona mtambo umesimama?"

Niamini: mdomo wake haukucheza. Sauti ilitoka kwenye kile kispika cha kichwa, imekauka, kama mtu anayeongea kutoka mbali sana.

Nikamjibu: "Umesimama kwa sababu kuna mtu ndani. Sechelela anaosha."

"Simwoni mtu," sauti ikasema. "Huku kwangu naona karai tupu."

Na hapo kichwa kikalia. Jogoo, kikohozi, kile kilio chake chote. Taa ya kijani ikawaka.

"Sechelela, toka!" nikapiga kelele. "Toka humo!"

Wimbo ukakatika. Parafujo ikaanza kuzunguka, polepole kwanza, kama ilivyozoea, na mwenzangu akapiga yowe ambalo sitalisahau. Nikabonyeza kitufe chekundu. Hakuna kitu. Nikakibonyeza tena, nikakipiga ngumi. Kichwa kilikuwa kinamsikiliza mwingine.

Nikakimbilia swichi kuu. Semkiwa alikuwa ameshafika, amesimama mbele yake, mikono ameitandaza. Sikumwona akitembea.

"Usikate, dada, nakuomba. Ukikata, kichwa kinasahau kila kitu. Nimebaki humo tu. Ukikata, na mimi nimepotea."

Niseme ukweli, alinitia huruma. Alikuwa mtu mwema enzi za uhai wake. Lakini nyuma yangu kulikuwa na mama wa watoto anayelia, na hasira ikanipanda kuliko woga.

"Basi potea!" nikamwambia. "Wewe tumekuzika. Huyu hatumziki leo!"

Nikapitisha mkono wa kulia katikati ya kifua chake. Ulikuwa ubaridi ambao sijui niufananishe na nini. Nikaishika swichi na kuivuta chini kwa uzito wangu wote.

Kimya. Mbele yangu ulikuwa ukuta tu.

Sechelela nilimkuta ameshikilia ukingo wa karai kwa mikono miwili, kanga imesokotwa kwenye parafujo, mguu umebanwa mpaka gotini, ngozi imechunika. Nilichukua kisu cha kukatia zabibu nikaichana ile kanga, nikamvuta nje. Halafu kwa kisu kilekile nikaenda kuukata waya wa simu. Na amini usiamini, umeme hakuna, waya uko chini, kichwa kikalia tena.

"Piga," nikakiambia. "Piga mpaka uchoke. Hapa hapokei mtu."

Hakikulia tena.

Bosi alikuja anafoka, nimeharibu mali yake. Akaletwa injinia mwingine, akakifungua kichwa, akakuna kidevu. Akasema hakuna cha mzimu. Kichwa hakikuwekewa neno la siri lolote. Yeyote aliyepiga namba ile, kilimtii. Labda mtu fulani alikosea namba tu.

Nikamwambia, "Sawa, mwanangu, iwe hivyo. Hilo ndilo baya zaidi. Yaani mtu anayemtafuta shangazi yake angeweza kumsaga Sechelela?"

Akakifunga kichwa, akakusanya vifaa vyake.

Bosi akataka waya urudishwe. Tukakataa, wanawake wote wa zamu ya kuosha. Tukakaa nje kwenye kivuli cha ukuta, ndoo zetu zimefunikwa, na malori ya zabibu yanaingia, na nyuki wanajaa. Alitutisha kutufukuza. Nikamwambia, "Tufukuze, kisha uingie wewe humo ndani." Zabibu zilipoanza kunuka, akakubali. Swichi kuu ikawekewa kufuli. Anayeingia kwenye karai anaifunga mwenyewe na kuondoka na ufunguo. Simu ikawekewa neno la siri, na ikawa haichomekwi mpaka mtu asimame hapo akiangalia. Siku nzima ya kukipanga kichwa upya, tuliipoteza kila wiki, na hakuna aliyekufa.

Semkiwa sikumwona tena. Namwombea. Lakini mkono wangu wa kulia haujawahi kupata joto tangu siku ile. Naipua sufuria ya ugali jikoni bila kitambaa, wajukuu wanashangaa. Ukinisalimia utausikia.

Nawe unayenisikiliza, leo nyumbani kwako kuna geti linalofunguka kwa simu, kamera inayoongea na watu usiowajua, pampu inayojiwasha. Sikukatazi. Ila muulize aliyekuuzia ni nani mwingine anayeweza kuviamrisha, na akifa au akiacha kazi, nani atamfungia mlango. Asipokuwa na jibu, usimlipe. Na mtu akikuambia mashine imezimwa, usiingize hata kidole mpaka umekata umeme kwa mkono wako na kufunga mwenyewe. Watakucheka, watakuita mwoga. Waache wacheke, wewe kata.